Kisa cha mjane wa mwaloni: ugonjwa ulikuwepo, lakini si pale tulipoutafuta

Usuli

Mama N. ni mjane wa umri wa kati. Anaishi kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, yaani ufukwe wanapotia nanga na kuishi wavuvi, saa kadhaa kwa boti kutoka Mwanza mjini. Jina la mwalo, umri wake na baadhi ya mambo ya familia nimeyaondoa au kuyabadilisha. Mwenyewe aliridhia kisa chake kifundishiwe, kwa sharti moja: nisiandike kwamba alikuwa kichaa. Hakuwa, na ndiyo maana naandika.

Kabla ya msiba alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alfajiri boti zinapotia nanga alikuwa ufukweni na ndoo zake, ananunua, anaanika, na mzigo ukikauka anausafirisha kwa magunia hadi soko la Kirumba, Mwanza. Alikuwa pia mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa pale, kazi ambayo mwaloni hapewi mtu asiyeaminika. Hakuwahi kuugua akili, hakuna aliyewahi kuugua katika familia yake, na pombe hanywi.

Kwa msomaji asiyejua ziwa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikua dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi hulala ufukweni na mwalo hunyamaza. Jambo hili dogo lilitusaidia baadaye kuliko kipimo chochote cha maabara.

Mumewe alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Usiku mmoja upepo ulichafuka na mtumbwi ukapinduka. Wawili waliokolewa. Wa tatu aliibuka siku ya tatu, akazikwa. Nahodha hakuonekana. Ndugu walikaa ufukweni siku nane wakitazama maji, kisha matanga yakaanuliwa pasipo kaburi.

Yaliyotokea

Yapata wiki ya sita Mama N. alianza kumsikia mumewe akimwita alfajiri, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitoa mtumbwi unapokaribia: "Lete ndoo!" Aliamka, akachukua ndoo, akashuka ufukweni. Wavuvi walimkuta amesimama kwenye maji ya magoti, ndoo mkononi, anatazama ziwa. Siku ya kwanza walimwonea huruma. Siku ya kumi mwalo mzima ulikuwa unamwita kichaa, na watoto walimfuata nyuma.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimpeleka kwa mganga. Mganga akasema marehemu hajatulia kwa kuwa hakuzikwa, akataka mbuzi. Mbuzi alitolewa. Sauti haikuondoka.

Mwezi wa tano alipelekwa kwenye kituo cha afya. Pale maelezo yalikuwa mafupi: mama anasikia sauti na anazungumza na mtu aliyekufa. Akaandikiwa haloperidol, dawa ya magonjwa kama skizofrenia. Siku ya nne shingo ilikakamaa ikapindia upande mmoja, mate yakamtoka, mikono ikatetemeka. Hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, lakini nyumbani hakuna aliyeambiwa. Sasa alionekana kichaa kweli. Aliyekuwa akimtetea hadi siku ile aliacha kumtetea.

Hivyo ndivyo alivyotufikia hospitalini, kwa boti ya asubuhi, shemeji upande mmoja na mama mkwe upande mwingine.

Nilimpokea mimi. Dawa ile tuliisimamisha, akapewa ya kulegeza misuli, na kufikia jioni shingo ilikuwa imerudi. Tulipima malaria, sukari, VVU, kaswende na wingi wa damu, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa anaweza kuwa na ugonjwa wa mwili unaoigiza wa akili. Damu ilikuwa imepungua kidogo. Mengine yote yalikuwa salama.

Kisha nikafanya kosa ambalo ndilo kiini cha somo hili. Nilimhoji kwa dakika arobaini, na zote arobaini niliuliza habari za sauti. Inatoka wapi? Inasema nini? Inamwamuru? Ni moja au nyingi? Alinijibu kwa upole, kwa sentensi fupi, akitazama sakafu. Nikaandika kwenye jalada: "Saikosisi?", yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia. Alama ile ya kuuliza ndiyo pekee ninayoweza kuitetea leo.

Kesho yake nilimkuta mama mkwe peke yake barazani.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu." Akanipisha nikae. Nilipoanza tena habari za sauti akanikatiza. "Sauti mnaisumbukia bure. Mimi baba yao alipofariki aliniita mwaka mzima. Nilikuwa namjibu, nalala. Kilichonitisha mimi ni kanga."

Kanga gani?

Mkwewe, alisema, alikuwa amegawa kanga zake zote, doti kwa doti, kwa majirani na wifi zake. Alilipa deni lake la kikoba hadi shilingi ya mwisho, akakabidhi ufunguo wa sanduku bila kuombwa. Alimwita binti yake mkubwa akamwonyesha daftari la wadaiwa wa dagaa, nani anadaiwa ndoo ngapi. Mwaloni watu walimsifu kwa hayo: hata katika wazimu wake bado ni mwaminifu. Kikongwe yule hakusifu. Yeye alikuwa ameona mtu anayefunga safari.

Nilirudi wodini nikamuuliza Mama N. swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza, kwa maneno yaliyo wazi: mama, umewahi kufikiria kujitoa uhai? Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanieleza jiwe gani, saa ngapi, na kwa nini alikuwa anasubiri binti amalize mitihani. Hakuwahi kumwambia mtu. Alijua ni aibu, na alijua kwamba kwa sheria yetu kujaribu kujiua ni kosa. Aliogopa watoto wake wabaki na mama aliyefungwa.

Sauti haikuhusika. Haikuwahi kumwambia afe. "Najua amekufa," alisema. "Mimi si mtoto. Ni masikio tu hayajajua." Nilipomuuliza kama anaisikia kila siku alifikiri, akasema siku za mbalamwezi hapana, boti si haziendi.

Kilichokuwa kinamuua kilikuwa jambo lingine. Usiku ule mumewe alitaka kulala, upepo haukumpendeza. Yeye ndiye aliyemwambia aende, ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Tangu hapo alijihesabu muuaji. Alilala saa mbili kwa usiku, alikula mara moja kwa siku na tena kwa kulazimishwa, na yeye, mweka hazina, alishindwa kujumlisha michango ya wanachama kumi. Hakuna kilichomfurahisha, hata mjukuu. Dodoso la maswali tisa la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, lilitoa alama 21 kati ya 27. Kuanzia 20 huhesabiwa sonona kali.

Maamuzi na sababu zake

Utambuzi ulibadilika: sonona kali, ndani ya msiba. Si saikosisi. Haloperidol haikurudishwa.

Tulimwomba akae wodini, naye akakubali kwa hiari. Alikaa siku kumi na moja. Nyumba yake iko hatua chache kutoka majini, na mpango wake ulikuwa na mahali na saa. Kumrudisha kwa miadi ya wiki mbili kungekuwa kumkabidhi kwa jiwe lile.

Dawa tuliyochagua ni fluoxetine, kidonge kimoja cha miligramu 20 asubuhi. Amitriptyline ilikuwa inapatikana kwa urahisi zaidi na bei yake ni nafuu, na ingemsaidia usingizi. Lakini mtu akimeza amitriptyline nyingi kwa mpigo moyo unaweza kusimama, na tulikuwa tunamwandikia mtu anayetaka kufa. Vidonge vilikaa kwa mama mkwe, vya wiki moja moja. Tulikataa pia kumpa diazepam kwa ajili ya usingizi; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri dawa za jamii hiyo zisitumiwe kwa waliofiwa, na sababu ni njema: zinazoeleka haraka na huzuni zinaiacha pale pale.

Kuhusu sauti, tuliamua kutoigusa. Wenzangu wawili hawakuafiki. Mmoja alisema tukiiacha tunaikubali. Jibu langu lilikuwa kwamba haimtishi, haimwamuru, haimdanganyi juu ya kifo, na ndiyo kitu pekee cha mumewe alichobaki nacho, maana hata kaburi hana. Tulimwambia Mama N. kuwa wengi waliofiwa husikia hivyo. Alilia kwa mara ya kwanza tangu afike.

Uamuzi mgumu zaidi haukuwa wa tiba. Siku ya sita shemeji aliomba barua inayothibitisha kuwa mama hana akili timamu. Marehemu aliacha injini, nyavu na deni la tajiri wa mtumbwi, na kwa barua ile mambo yote yangehamia mikononi mwake. Sitaki aonekane mwovu. Na yeye alikuwa amefiwa na kaka, na deni lilikuwa linamgongea mlango. Lakini tulikataa. Habari za mgonjwa ni zake, na hata angekuwa na saikosisi, utambuzi wa ugonjwa hauondoi peke yake uwezo wa mtu kuamua juu ya mali yake. Alikuwa na sonona. Alijua nyavu ni ngapi na za nani.

La mwisho lilitoka kwa mama mkwe, si kwetu. Alitaka mwanawe azikwe. Familia iliandaa siku, shati la marehemu na kasia lake vikazikwa karibu na kaburi la baba yake, na mganga yule yule alialikwa. Tulimpa Mama N. ruhusa ya siku mbili, akiwa na mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Akarudi wodini jioni ya siku ya pili.

Matokeo

Usingizi ulirudi kwanza, ndani ya wiki ya tatu. Alama za dodoso zilishuka hadi 13 wiki ya sita, na 6 wiki ya kumi na mbili. Nia ya kufa ilipungua polepole. Wiki ya nane alisema imekuwa wazo linalopita, halikai. Alianza kazi kwa saa moja kwa siku, kugeuza dagaa wa jirani kwenye chanja bila kununua wala kuuza, kisha mbili. Kikoba hakikumrudishia ufunguo. Walimrudisha kama mwanachama tu, na hilo lilimuuma.

Injini iliuzwa kabla hajatoka wodini. Nyavu zilibaki.

Sauti bado anaisikia, siku za giza, mara chache kuliko zamani. Hashuki tena na ndoo. Anaitikia akiwa kitandani.

Uchambuzi

Anayeanza kusoma saikolojia ya tabia zisizo za kawaida hufundishwa kwamba hakuna kipimo kimoja cha ugonjwa wa akili. Hupewa vigezo vinne: tabia kukengeuka kutoka kawaida ya jamii, dhiki anayoipata mhusika, kushindwa kumudu maisha, na hatari kwake au kwa wengine. Kila kimoja kikisimama peke yake kinapotosha, na kisa hiki kinaonyesha jinsi gani. Mwalo ulitumia kigezo cha kwanza peke yake. Mwanamke na ndoo kwenye maji ya magoti ni kioja, basi ni kichaa. Kituo cha afya kilifanya vivyo hivyo kwa lugha ya kitaalamu: anasikia sauti, basi haloperidol. Nami, kwa dakika arobaini, nilifanya lile lile. Dhiki, kushindwa kumudu na hatari vilikuwa vimekaa upande mwingine kabisa, kimya, vimevaa sura ya uaminifu na ukarimu. Kugawa kanga hakukengeuki popote. Kulipa deni kunasifiwa.

Mwaka 1992 mtaalamu wa Marekani Jerome Wakefield alipendekeza vigezo viwili vikutane ndipo tuseme ugonjwa upo: kuna utendaji wa ndani ya mtu ulioacha kufanya kazi yake ya asili, na kuacha huko kunamdhuru kwa mizani ya jamii yake. Wazo hilo limepingwa na wengi, hasa kwa sababu si rahisi kujua kazi ya asili ya kila kipande cha akili. Hata hivyo kitandani pa mgonjwa hunisaidia kuliko fasili nyingine. Nikiiweka sauti ya Mama N. kwenye mizani hiyo, haipiti. Masikio yaliyozoea kwa miaka mingi kusubiri mwito mmoja saa moja yanaendelea kusubiri; yanajua hata kalenda ya mbalamwezi. Huko ni kujifunza kulikofanya kazi vizuri mno. Na madhara yake ni yapi? Kulowa miguu na kuchekwa. Lakini usingizi wa saa mbili, hesabu zilizokwama, na hukumu ya kifo aliyojipitishia kwa kosa la kutaka ada ilipwe: hapo kuna kitu kimeharibika, na kinaua.

Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unasema jambo ambalo ningependa kila mhudumu wa kituo cha afya alijue. Mwitikio unaotarajiwa au unaokubalika katika utamaduni wa mtu kwa tukio kama kifo cha mpendwa si ugonjwa wa akili. Wala tabia inayokwenda kinyume na jamii si ugonjwa, isipokuwa inatokana na hitilafu ndani ya mtu mwenyewe. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma, alituambia sehemu ya kwanza ya fasili hiyo barazani. Alijua kinachotarajiwa kwao. Wala si kwao tu: mwaka 1971 daktari W. Dewi Rees alichapisha matokeo ya mahojiano na wajane na wagane 293 huko Wales, na karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzi aliyekufa. Wengi hawakuwahi kumweleza mtu.

Wapo watakaouliza kwa nini hatukuiita huzuni ya muda mrefu, ambayo sasa ina nafasi yake kwenye orodha za magonjwa. ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inataka miezi isiyopungua sita tangu kifo. Toleo la DSM la mwaka huo huo linataka kumi na miwili kwa mtu mzima. Sisi tulikuwa mwezi wa tano. Lakini hata tungekuwa wa saba ningesita, kwa kuwa kiini cha huzuni hiyo ni kumtamani marehemu pasipo kukoma, na Mama N. alikuwa anajichukia yeye. Mtu wa msiba huumia kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi anaweza kucheka akisimulia habari za marehemu. Heshima yake kwake mwenyewe hubaki. Mtu wa sonona hana kati. Maji yamemfunika wakati wote, na anaamini anastahili. DSM-5 iliondoa sharti la zamani lililozuia kutambua sonona ndani ya miezi miwili ya msiba, na wapo waliohofia kwamba kila anayelia atapewa kidonge. Hofu hiyo naiheshimu. Kwa kisa hiki haikubadilisha kitu, miezi miwili ilikuwa imepita.

Lililobaki ni barua. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Marekani alitangaza kuwa watumwa wanaotoroka wana ugonjwa wa akili, akaupa jina, drapetomania, na tiba yake ikiwemo viboko. Mtu huyo alikuwa daktari kweli. Nakikumbuka kisa chake kila ninapoombwa kuandika kwamba fulani hana akili timamu, na najiuliza kwanza ni nani atakayeishika barua na ataipeleka wapi. Fasili ya ugonjwa ikiwa ni "asiyefanana nasi", basi atakayeandika fasili ndiye atakayerithi injini.

Tulichokosea kingine ni mganga. Tulimwona kama mpinzani hadi siku ya maziko, ilhali tangu mwanzo alikuwa amesema jambo ambalo jalada letu halikuwa nalo: mtu huyu hajazikwa. Tiba yake sikubaliani nayo. Alichokiona kilikuwa kweli, na tungekiuliza mapema maziko yangefanyika siku kadhaa kabla.

Na tulimsahau binti. Ndiye aliyeonyeshwa daftari la wadaiwa. Ndiye aliyekuwa akimfuata mama ufukweni gizani, kabla ya wavuvi hawajamwona. Alikuja na mama yake kwenye miadi ya mwezi wa saba, akakaa nje kwenye benchi kama alivyokuwa akikaa kila mara. Safari hii nilitoka nikakaa naye. Nilimuuliza kama na yeye humsikia baba. Akatikisa kichwa, akanyamaza, kisha akauliza kwa nini baba anamwita mama tu na yeye hamwiti. Hana sonona kwa kipimo chochote tulichokitumia, na shuleni anafanya vizuri. Nimemfungulia jalada lake mwenyewe, lisilo na jina la ugonjwa, na anakuja kila mwezi siku moja na mama yake.